Kijiko cha Bibi

Maganda ya chungwa yakikauka ndani ya oveni, harufu yake inapanda mpaka kooni. Kiangazi kile, nikiwa na miaka tisa, nyumba yetu ya kupanga ugenini kule Lewisville ilinuka hivyo kuanzia asubuhi. Mama yuko kazini ghalani, majirani hatuwajui hata mmoja, mimi na Bibi tumefungiwa ndani na kiyoyozi. Bibi alichanganya chai ya kuuza. Kazi hiyo alifunzwa na baba yake, aliyekuwa na duka la majani ya chai Bujumbura. Wateja wa duka lile walikuwa wa aina mbili: waliozoea mambo ya Kiingereza walitaka chai nzito ya kutiwa maziwa, na wa Kifaransa walitaka nyepesi, isiyo na maziwa, inukie chungwa na vanila. Mzee akachoka kuwasikia wakidharauliana, akatengeneza mchanganyiko mmoja wa kuwanyamazisha wote. Hakuuandika popote. Ulikaa ulimini, na ulimi wa Bibi ulikuwa umekufa. Maradhi yalimwondolea ladha na harufu yote. Basi ulimi ukawa wangu. Kila mchanganyiko ulipokuwa tayari aliniletea kijiko, bila sukari, akasimama kusubiri.

Siku moja maganda yaliungua. Yeye hakusikia harufu. Mimi niliisikia, lakini katuni ilikuwa imenoga. Nikameza bila kuonja. "Iko fine, Bibi." Akafunga pakiti zote.

Jumapili, nje ya kanisa letu kule DeSoto, mteja wake Mama Divine alimrudishia pakiti mbele ya wenzake. "Bibi, safari hii umetuuzia makaa?" Wakacheka. Bibi alinitazama mara moja tu. "Nimezeeka, wanangu," akasema. Hakunitaja. Hakunigombeza hata tulipofika nyumbani, na hakuchanganya chai tena mpaka tukamzika. Afadhali angenichapa. Tulimaliza kiangazi kile kila mtu na upande wake wa kochi.

Sasa naishi Houston, nina binti wa miaka sita, na hasira haijanitoka. Nani anampa mtoto kazi kama ile? Lakini juzi nilikausha maganda, nikachanganya kwa kubahatisha, nikampelekea binti yangu kijiko. Macho yake yalikuwa kwenye tablet. "It's fine, Mama." Nikaizima. Akapiga kelele. Nikamwambia aonje tena, na asithubutu kunidanganya. Akaonja, akatemea kiganjani mwangu. "Chungu! Mbaya sana!"

Nilijua. Nilikuwa nimeshaonja. Nikamwaga sufuria nzima, nikanawa mkono, nikaanza upya.