Cherehani Chini ya Maharage

Nikifungua kichupa cha mafuta ya cherehani, harufu yake hunirudisha barazani kwetu, kijijini Kasulu, asubuhi alipokuja dalali wa mahakama. Baba, fundi wa nguo, alikuwa ameshindwa kesi ya deni. Alfajiri ile mimi na mama tulikuwa tumeibeba cherehani yake hadi kwa jirani, tukaifukia chini ya maharage.

“Mwakeye,” baba aliwasalimia dalali na mtendaji wa kijiji. Wakatoa nje baiskeli, redio na mabati aliyonunua ya kuezekea jiko.

“Cherehani iko wapi, fundi?” dalali akauliza.

“Niliiuza.”

Dalali akatikisa kichwa. “Pole, mzee. Hata ningeikuta nisingeigusa. Chombo cha kazi sheria hainiruhusu kukichukua.”

Mama alinitazama. Mtendaji alikuwa amesimama palepale, ameshausikia uongo wa baba.

Cherehani ilirudi nyumbani, lakini haikurudi barazani. Baba aliiweka chumbani, akafunga dirisha. Miaka yote iliyofuata alishonea humo, na kila ilipopigwa hodi, mguu wake ulisimama juu ya pedali.