Utani Uliokataliwa Rudewa

Nilipanda treni Tabora nikiwa na kofia ya pama na nia ya kwenda Mikumi kuona tembo. Daraja la tatu, gunia la karanga la mtu lilinikalia mguu kutoka Itigi hadi Dodoma. Kilosa nilishuka nikichechemea, nikaambiwa treni ya Mikumi nisubiri hadi kesho. Nikasubiri miaka sita.

Kwa kuwa nilisoma sekondari, nilipewa kazi ya kuandika mahudhurio ya wakata mkonge Rudewa, si mbali na Kilosa, shamba likiwa limeshataifishwa. Wenyeji walifurahi kusikia nilikotoka. Watu wa kwetu na wao ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, na mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Siku ya kwanza tu, muuza maandazi wa kijiji, mjane wa miaka kama thelathini, alinivua kofia, akaivaa, akaendelea kukaanga.

"Babu yako alimwibia babu yangu kofia hii," akasema. "Imerudi kwao."

Niliikomboa jioni kwa kumpasulia kuni. Tangu hapo akawa ananivua kofia karibu kila wiki.

Mwaka wa tatu nyapara mmoja wa shambani, mtu wa kwetu kama mimi, alimvizia mwanamke huyo njia ya kisimani, akambaka. Wazee walipokaa, nyapara akasema ulikuwa utani uliozidi kidogo tu, maana yule ni mtani wake. Wazee wakashusha pumzi, kwani mambo ya utani hayana kesi. Wakaniita.

"Wewe ni mtani wake, na huyu ni ndugu yako wa kwenu. Mpelekee mbuzi huyu, umchekeshe, yaishe."

Kweli ndiyo kazi ya watani. Hata msibani sisi ndio tunaowachekesha wafiwa. Nilikwenda, na sitaficha, njiani nilikuwa natunga vichekesho huku mbuzi akinivuta.

Mlangoni nilimkuta katibu wa wilaya wa jumuiya ya akina mama, ile ya nchi nzima. Akina mama wa tawi letu walikuwa wamempelekea habari, akaja na lori la katani kutoka Kilosa. Nyuma yake muuza maandazi alikuwa amejifunika kanga, hamtazami mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbuzi wa nini?"

"Wa kupatanisha."

"Amegombana na nani?"

Nikaikaza kamba ya mbuzi mkononi. Akaniuliza kama kwetu mtani huruhusiwa kunyang'anya kofia. Nikasema ndiyo. Kutukana? Ndiyo. Kukalia kaburi mpaka apewe kitu? Ndiyo.

"Na aliyetaniwa hufanya nini?"

"Hucheka. Au hulipiza."

Akanyoosha kidevu kumwelekea yule mwanamke. "Haya, mtazame. Anacheka?"

Sikuweza kumtazama.

"Mfunge mbuzi hapo, atarudishwa kwa wenyewe. Wewe beba kikapu cha mwenzako, tunakwenda hospitali, kisha polisi. Na usituchekeshe."

Yule mama alikaa naye kwa daktari. Askari alipotaka kumhoji mbele ya watu, mama alisimama tu mlangoni, na mwili wake ukauziba mlango wote. Kila siku ya kesi akina mama watano wa tawi walikaa naye kwenye benchi la mahakama, kwa zamu, na waliobaki walimkaangia maandazi ili wateja wasimkimbie. Maandazi yao yalikuwa magumu kama mawe ya reli, lakini tulikula. Nilipoitwa kumweleza hakimu utani ni kitu gani, nilirudia maswali ya yule mama, na majibu yangu. Nyapara akafungwa. Watu wa kwetu shambani hawakunisalimia kwa miezi.

Baadaye jumuiya ikaitisha mikutano Masanze na Kilangali, wanaume wakiwekwa mstari wa mbele. Katibu alinisimamisha kila mahali.

"Huyu," alisema, "alikuja na mbuzi."

Watu walicheka, kisha akawauliza maswali yale yale, mmoja mmoja, mpaka kicheko kikaisha.

Muuza maandazi alirudi kwenye karai lake. Ila hakunitania tena. Alinifungia maandazi vizuri na kuniita bwana, na bwana hilo liliniuma kuliko tusi lolote. Sikulalamika. Nani alikwenda kwake na mbuzi?

Siku niliyoondoka moja kwa moja, nilipata nafasi kwenye lori la Mikumi. Alikuja kuniaga na furushi la maandazi. Lori likawaka. Akanyoosha mkono, akanivua kofia, akaivaa.

"Tembo wa serikali hawapendi wezi," akasema.

"Na kuni nitakupasulia lini?"

"Utajua mwenyewe."

Kofia sikuidai. Nilifika Mikumi kichwa wazi, jua limenibabua, na dereva ananiuliza ninacheka nini.