Miezi Aliyojengea Boma

Mume wangu alipoanza kushika ubavu wa kushoto, kila mtu kule Muhoroni alijua ni malaria. Alikuwa fundi wa matrekta ya miwa, mtu wa kubeba vyuma huku anacheka, na sasa shuka zinalowa jasho na anashiba kwa matonge mawili. Bandama imevimba, wakasema, mpe kwinini. Nilimpa kwinini mpaka masikio yakamlia.

Hospitali ya Kisumu ndiko tulikoambiwa ukweli. Daktari alimdunga kidole, akapima, akatueleza polepole kama watoto wa darasa la kwanza, na mimi nikakasirika. Ni saratani ya damu, alisema, ile isiyo na haraka. Chembe nyeupe zimezidi. Haiponi, ila inatulizwa kwa vidonge. Navyo si vya kubugia tu: chembe zikishuka unaviacha, zikipanda unaanza tena, na anayejua zimepanda ni hadubini, siyo tumbo lako. Kwa hiyo upimwe kila mwezi.

Yawa, vidonge vile! Bandama ilinywea, akarudi kumaliza samaki mzima, akaanza tena kunitania eti kichwa changu ni kigumu kuliko nati ya trekta. Daktari akasema dawa ipumzike kwanza, lakini kupimwa kuendelee. "Ndiyo, daktari," akaitikia. Kila mwezi alivaa shati lake jeupe, akapanda basi la Kisumu.

Baada ya miezi mitano nikakutana na nesi sokoni. "Mama, mbona mzee wako hatumwoni?"

Alipopanda basi tena nilimfuata, nikamkuta Usenge, kwao, kwenye kiwanja kitupu, amerundika nguzo, fito na nyasi za kuezekea. Nilimfokea mbele ya wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani. Nilimwita mwongo, nikamwita mjinga. Akangoja nimalize.

"Mama watoto, hapa nyumbani bado tuko ndani ya boma la baba. Nikifa kabla hatujatoka, huwezi kuanzisha boma peke yako, desturi yetu haimruhusu mjane. Utakuwa kwa watu maisha yako yote. Sasa nina nguvu. Nizimalizie kwenye benchi la hospitali?"

"Zimalizie kwangu!"

"Si ndiyo hii ninayofanya?"

Wiki iliyofuata, alfajiri, tulitoka kwa baba mkwe jinsi desturi inavyotaka, yeye na jogoo, mimi na moto. Ndugu zake wakasimamisha nyumba siku hiyo hiyo, tukalala chini ya paa letu. Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi sana, na sijajisamehe.

Tuliporudi hospitalini damu ilikuwa imegeuka. Ile ya polepole imekuwa kali, vidonge haviishiki tena. Alikufa kabla ya mavuno. Daktari aliniambia ingegeuka tu siku moja, hata kama angekuja kila mwezi. Labda. Labda alinihurumia.

Watu bado wananisifia: una boma, una lango lako, hakuna wa kukufukuza. Ni kweli, hakuna. Lakini nampenda mtu yule mpaka leo, na namtamani kwa hasira. Ningepanga chumba kimoja Nyamasaria, kule Kisumu, mpaka uzeeni, niwe mgeni kwa kila mtu, mradi nipewe mwezi mmoja zaidi wa kutaniwa naye.