Mashamba Yaliyoita Marehemu

Uvumi ulimfika Konsolata sokoni Ulyankulu, ukamganda: programu ya binti yake inaita wafu.

Saa tatu asubuhi yuko Chemchem, mjini Tabora, katika chumba cha kupanga cha binti huyo, Irakoze, miaka 27, mtengeneza programu za tovuti. Amekuja na jirani yao Apolinaria, aliyeshika simu ya marehemu mumewe, Egidi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Soma.”

Irakoze anasoma: “Ndugu Egidi, njoo uchukue mbegu za alizeti.”

“Nimwamshe, au utakwenda mwenyewe?” anauliza Apolinaria.

Hakuna anayecheka. Marehemu kumi na mmoja wameitwa hivyo. Chama cha wakulima chenye wanachama 640, kinachotumia programu hiyo kuwaita wanachama, kimempa Irakoze hadi Ijumaa arekebishe, la sivyo wanarudi kwenye madaftari.

Kosa analiona kabla chai haijapoa. Kwao shamba halibadilishwi jina mpaka ukoo ukae baada ya matanga. Kwenye jedwali la wanachama Egidi ameshaondolewa. Kwenye la mashamba bado yupo. Kichujio cha “mwanachama hai”, yaani sharti la kuchagua walio hai tu, Irakoze alikiandika mara mbili, kila jedwali na lake. Misiba ilipotokea alirekebisha kimoja, cha pili akakisahau.

“Yaani una machujio mawili, moja limetoboka,” anasema Konsolata, aliyeishia darasa la saba.

“Ndiyo, mama.”

“Shamba litajuaje nani yu hai? Si limuulize mwenyewe?”

“Hapo hapo umegonga.”

Anafuta kichujio cha mashamba. Kila shamba limeunganishwa na mwanachama wake, basi anaiagiza programu ipitie kiungo hicho na kutumia kichujio kilekile cha wanachama. Orodha inatoka. Marehemu hawamo.

“Na shamba ninalolima mimi,” anasema Apolinaria, “nalo limekufa?”

Irakoze anaongeza nafasi ya msimamizi wa shamba, atakayeitwa mpaka ukoo ukae. La kwanza kuandikwa ni jina la Apolinaria.

“Ijumaa nakwenda nayo kifua mbele,” anasema Irakoze. “Halafu jedwali la mizinga ya nyuki ya wanachama, kwa kichujio hichohicho.”

Konsolata amepumua, ila hofu ya mzazi haiishi. Wenye watoto katika kazi hii, anasema, wawaambie waepuke:

– Kuandika sharti moja mahali pawili.
– Kurekebisha moja bila kutafuta pacha wake.
– Kuchuja mashamba bila kupitia kwa mwenye shamba.
– Kutuma ujumbe kabla mtu wa kijijini hajaisoma orodha.
– Kumwondoa marehemu bila kuuliza nani ameshika jembe.