Mwaka Melkiori Alipoigawa Mizinga Yake

Melkiori Kitundu alizaliwa Kintinku, kwenye nyumba ya wafugaji, lakini ng'ombe hawakumkaa moyoni. Akiwa kijana alimfuata rafiki wa baba yake hadi Rungwa kutafuta asali. Alisema anakaa msimu mmoja, akakaa miaka arobaini. Huko alimwoa Eliza, huko watoto wao wakakua na kutawanyika, na huko msituni akatundika mizinga arobaini na miwili, ambayo kila mmoja aliujua kwa mti wake. Ukimuuliza majina ya wajukuu alifikiri kwanza. Ukimuuliza habari za mzinga wa tatu baada ya korongo, alikueleza mpaka ukali wa nyuki wake.

Maumivu ya kiuno yalipomwanza alidhani ni uchovu wa kupanda miti. Alikandwa maji ya moto, akameza vidonge vya dukani. Siku aliposhindwa kuinama kufunga kamba za viatu, Eliza alimchukua mpaka Itigi. Itigi wakampeleka Singida mjini. Singida wakampima damu, wakamkata kipande kidogo cha nyama cha kupima, kisha wakampa barua ya rufaa kwenda kituo cha saratani, mbali, safari ya siku mbili. Ilikuwa saratani ya tezi dume, na ilikwisha kufika kwenye mifupa ya mgongo.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana wa umri wa mtoto wake wa mwisho. Alimwamkia shikamoo vizuri, akaketi, akaeleza polepole. Kutakuwa na sindano kila baada ya miezi mitatu. Kutakuwa na mionzi ya mgongo kwa siku tano. Melkiori alikuwa anaitikia kwa kichwa, moyo umeanza kutulia, mpaka daktari alipoongeza, "Na leo hii hii, mzee, utapita chumba namba tisa. Pale ni tiba shufaa."

Alitoka, akakaa kwenye benchi mbele ya mlango wenye maneno hayo. Pembeni yake alikaa mzee mwenye bandeji shingoni, ambaye alijitambulisha kuwa anaitwa Shukuru, wa Ikungi.

"Samahani ndugu yangu," Melkiori alimuuliza, "hii shufaa ni kitu gani?"

Mzee Shukuru alifikiri. "Sisi Waislamu shufaa tunaijua. Ni kuombewa. Mtume anawaombea watu wake."

"Lini?"

"Siku ya Kiyama."

Melkiori aliutazama tena ule mlango. Kisha mzee Shukuru akasema kwamba labda hospitali wana maana nyingine, lakini alisema bila nguvu.

Ndani, alikoingia na Eliza, alikuwemo muuguzi wa makamo, jina lake Dina, na kitabu kikubwa mezani. Alimuuliza wapi panauma, panauma vipi, usingizi anaupata, chakula kinapita. Hayo Melkiori aliyajibu. Kisha akamuuliza nani anamsaidia nyumbani, kama kuna jambo linalomsumbua rohoni, na kama kuna mtu angependa kuonana naye. Hapo alijiona kama mtu anayeulizwa wosia. Mwishowe Dina aliweka mezani chupa ya mofini ya maji na bomba la sindano lisilo na ncha, la kupimia.

Chupa hiyo Melkiori aliijua. Dada yake Theodora aliugua saratani ya titi kule Kilimatinde. Alitibiwa mpaka matibabu yakafika mwisho, akarudishwa nyumbani, na ndipo mama mmoja wa kanisa akaanza kuja na mkoba wenye chupa kama ile. Mama yule alikuwa na mikono mizuri, na Theodora aliacha kulia kwa maumivu. Lakini wiki ya tatu walimzika.

"Sista," alisema, "kama mmeshindwa, niambieni. Mimi ni mtu mzima."

"Hatujashindwa, baba. Ndiyo kwanza tunaanza."

"Na hii mofini?"

"Ni ya maumivu. Zamani tulikuwa tunasubiri mpaka mwisho ndipo tunaitwa. Sasa tunakaa hapa pamoja na madaktari tangu siku ya kwanza. Wao wanapambana na ugonjwa, mimi napambana na maumivu yako, usingizi wako, na hofu."

"Nitapona?"

Dina hakumkwepa. Alimwita yule daktari, akaja akasimama mlangoni, akasema ugonjwa wote hawawezi kuutoa, ila wanaweza kuubana ukakaa kimya, pengine kwa miaka.

"Kwa hiyo nakufa."

"Sijasema hivyo, mzee."

"Kwa hiyo napona."

"Hivyo pia sijasema."

Melkiori alimtazama mke wake. Eliza naye alikuwa anaitazama sakafu kana kwamba jibu limeandikwa pale.

Alichomwa sindano, akapigwa mionzi siku tano, akafundishwa kunywa dawa yake kila baada ya saa nne hata kama maumivu hayajarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Kisha akarudi Rungwa akiwa na uamuzi wake. Maneno ya hospitali aliyaona ni adabu tu, namna ya watu waliosoma ya kumwambia mtu aende akajiandae. Chupa aliielewa kuliko maneno.

Jumamosi ya pili aliita watu nyumbani. Mizinga thelathini alimpa Noel, mtoto wa marehemu Theodora, mtu mzima mwenye familia yake, aliyefuata nyuki kama yeye. Kumi na miwili akampa jirani yake Simoni. Alitaja mti mmoja mmoja, na Noel akawa anaandika huku anafuta macho kwa mkono wa shati. Shoka akatoa, kamba za kupandia akatoa, hata kofia ya wavu. Eliza alikaa jikoni, hakutoka kabisa.

Likabaki jambo moja, gumu kuliko mizinga. Kaka yake Antipasi, anayeishi Kintinku kwenye boma la baba yao, alikuwa hajaongea naye kwa miaka kumi na mmoja. Mama yao alipofariki, Antipasi alizika bila kumsubiri Melkiori, ambaye alikuwa njiani na gari limeharibika. Melkiori alifika akakuta kaburi limefukiwa. Maneno yaliyosemwa siku ile hayakurudiwa wala kusahaulika. Sasa alimpigia simu, akamwambia, "Kaka, nakufa. Njoo."

Antipasi alikuja kesho yake. Alilia tangu getini. Walishikana mikono, wakaombana msamaha, wakamla kuku mmoja wakiwa wawili. Alipoondoka alisema, "Nenda salama, mdogo wangu," na Melkiori akaona sasa hakuna kilichobaki.

Akasubiri.

Wiki ya tatu, ile ambayo Theodora alizikwa, Melkiori aliamka akafunga viatu mwenyewe. Hakugundua mpaka alipokuwa amesimama. Mwezi wa pili aliacha fimbo. Mwezi wa tatu alikula ugali wa mtama mpaka akaongeza, na Eliza akamtazama kama mtu anayetazama mvua ya mwezi wa nane. Kitu kilichomsumbua zaidi kilikuwa joto la ghafla lililompanda kifuani na kumtoa jasho mchana kweupe. Alimwambia Dina kwenye simu, akaambiwa ni ile sindano, inazima homoni za kiume. Eliza alicheka kwa mara ya kwanza tangu safari ya Singida. "Sasa umejua tunayoyapata wanawake," alisema, na kumpa khanga ajipepee.

Alipaswa kufurahi. Badala yake alikuwa anatembea uani kama mgeni aliyekosea nyumba. Msimu wa kurina asali ulifika, akamwona Noel anapita na kamba zile zile. Noel alisimama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, ile mizinga..."

"Mizinga yako imefanya nini?"

"Ndiyo nauliza. Ni yangu?"

Melkiori alizitazama zile kamba. Akamwambia aende, jua linapanda.

Na Antipasi? Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. Baadaye sauti ikaanza kupanda. Mwisho akasema wazi, "Melkiori, huku nimeshawaambia watu. Wananiuliza. Hivi hali yako ni ipi?"

"Sijui, kaka."

"Mimi nilikusamehe kwa sababu unakufa."

"Na mimi hivyo hivyo."

Kuku wa Antipasi walisikika kwa mbali kwenye simu.

"Sasa tufanyeje?" Antipasi aliuliza.

"Sijui."

Simu ikakatika, na Melkiori hakujua kama ni mtandao au ni hasira. Siku nne baadaye Antipasi alishuka kwenye basi la Rungwa akiwa anamvuta beberu kwa kamba, akasema amekuja kukaa wiki moja, na habari za kaburi la mama wasiziongelee kwanza. Waliziongelea siku ya pili tu, wakagombana vibaya, Eliza akawafukuza wote wawili watoke uani. Siku ya tatu walikunywa chai pamoja.

Alipokwenda kliniki aliuliza swali la mizinga pia. Dina alisema hilo si la hospitali, lakini la kupanda miti ni lake: mifupa ile haitakiwi kuanguka. Melkiori alirudi akakubaliana na Noel. Noel anapanda, yeye anakaa chini na moshi, na mizinga sita ya karibu na korongo imerudi kuwa yake. Simoni hakuulizwa, akabaki na yake kumi na miwili.

Huu ni mwaka wa pili. Mwezi uliopita kipimo cha damu, kile kinachoonyesha ugonjwa, kilipanda kidogo. Daktari aliongeza vidonge, Dina akapunguza kipimo cha mofini kwa sababu maumivu yalikuwa yametulia. Kitu kimoja kimepanda, kingine kimeshuka, na Melkiori alitoka nje akiwa amebeba karatasi mbili zisizoelewana. Eliza alikuwa anamsubiri kivulini.

"Wamesemaje?"

Alianza kueleza. Alianza na damu, akaruka kwenye vidonge, akarudi kwenye damu, akasimama katikati ya sentensi. Eliza alifungua mfuko, akamwekea kiganjani karanga za kuchemsha, akamwambia ale kwanza, basi linaondoka saa nane.