Siku Askofu Alipokutana na Bwana Soksi

Mchungaji wa vijana katika mji ule alikuwa mtu mrefu mwenye miguu mikubwa, lakini kwa kuwa kanisani kulikuwa na mchungaji mwingine aliyemzidi cheo, watu wote walimwita Mchungaji Mdogo. Alipita kila mlango ameinama, huku akiitwa Mdogo. Jambo hilo lilimtia huzuni kidogo, ila huzuni yake haikukaa; ilikuwa kama mgeni anayekunywa maji akiwa amesimama, kisha anaaga.

Aliishi nyuma ya kanisa, katika nyumba ya vyumba vitatu aliyopewa kwa sababu ya kazi. Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya mkewe, ambaye alikuwa fundi redio. Redio zilizopasuliwa matumbo zililala mezani mchana kutwa, nyingine zikikoroma zenyewe, na harufu ya lehemu ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumbani. Mkewe alikuwa na mkono mwepesi kwa nyaya, lakini sindano ilimshinda. Soksi iliyotoboka aliishona kama anayeunga waya: fundo hapa, fundo pale, magumu kama kokoto. Watu wa nyumba ile walikuwa wamezoea kutembea juu ya mafundo.

Nyumba ilikuwa na desturi zake mbili. Ya kwanza ni kwamba kila Jumamosi Mchungaji Mdogo alifua soksi za wote katika beseni moja. Aliirithi kwa babake, aliyeamini kwamba baba asiyejua harufu ya miguu ya watoto wake atawaombea mambo yasiyowahusu. Soksi zikikauka zilitupwa kapuni zote pamoja, na asubuhi ya Jumapili kila mtu alizama humo kutafuta za kwake.

Ya pili ilikuwa aibu ya wiki. Mezani, baada ya ibada, sahani ya nyama haikuanza safari mpaka kila mtu awe amesimulia jambo lililomwaibisha wiki ile. Mke aliwahi kueleza jinsi alivyohangaika na redio ya mteja nusu siku nzima kabla ya kugundua kwamba haina betri. Mchungaji alikuwa na aibu nyingi kiasi kwamba ilibidi achague.

Mtu mmoja tu hakuwahi kutoa yake. Huyo ni babake mke, karani wa mahakama mstaafu na mwenyekiti wa wazee wa kanisa, aliyekula nao kila Jumapili. Zamu yake ikifika alisema "nipiteni", midomo ikiachana kidogo tu, kisha akarudi kukatakata nyama yake vipande vidogo kama vya kulisha kifaranga. Hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Watu wengine wakianza kuangua kicheko, yeye alichomoa kitambaa mfukoni, akajiziba mdomo na kutoka nje. Wajukuu walimwita Babu Kitambaa, na mkwewe aliamini kwamba mzee yule anatoka kwa sababu kichefuchefu kimemshika.

Aliamini hivyo hasa kwa sababu ya Bwana Soksi.

Bwana Soksi alikuwa soksi kuukuu ya kahawia yenye macho mawili ya vifungo vya koti na mdomo wa uzi mwekundu. Mchungaji alimvaa mkononi wakati wa kufundisha watoto. Alikuwa na sauti nyembamba ya puani na sheria moja: akitokea, watoto wote wanasimama na kumsalimu, na hakuna anayekaa mpaka Bwana Soksi aitikie. Njia hiyo ilituliza chumba cha watoto wasiotulizika kwa fimbo wala peremende. Mke alipojaribu kumtetea mbele ya babake, akisema watoto wanampenda sana, mzee alijibu, "Watoto wanapenda na udongo. Wanaula pia."

Sasa jambo lilikuwa hili. Mchungaji Mdogo alikuwa hajathibitishwa. Mara mbili askofu alikuwa tayari, na mara mbili wazee walisema bado, huyu ana michezo mno. Wakikataa mara ya tatu, kazi ingekwisha, na vyumba vitatu pamoja na karakana vingepewa mwingine. Jumapili ya kuamuliwa ilipokaribia, Babu Kitambaa alikuja, akasimama mlangoni bila kukaribia kiti.

"Mkwe wangu, Jumapili sitaki kumwona yule kiumbe."

"Hutamwona, baba."

"Wala kumsikia."

"Wala kumsikia."

Alikuwa amekusudia kwa moyo wote. Lakini wiki ile watoto wadogo walimlisha Bwana Soksi uji, na uji ukikauka kwenye soksi unanuka. Jumamosi akamtumbukiza kwenye beseni pamoja na soksi nyingine, akiwa na nia ya kumfungia kabatini akishakauka. Jioni mvua ilitishia, mtu akakusanya nguo haraka kutoka kambani, na kila kitu kikaishia kapuni.

Alfajiri umeme ulikatika. Wote walivalia gizani, wakikanyagana, kitindamimba akilia kwamba amepata soksi mbili za mguu mmoja. Mchungaji alipapasa mbili za saizi yake, akavaa, akahisi vitu viwili vigumu juu ya vidole vya mguu wa kulia. Akamhurumia mkewe. Mwanamke wa watu amekesha akinishonea, aliwaza, na mafundo yenyewe safari hii ni mawili tu. Akaingiza mguu katika kiatu akiwa amejaa upendo.

Upendo ule uliendelea mpaka katikati ya wimbo wa pili. Hapo, akiwa amesimama mbele ya kanisa lililojaa, alikunja vidole ndani ya kiatu na kuhisi kwamba yale mafundo ni ya mviringo, tena bapa, na yamepangwa sawasawa kama macho.

Kuna upweke wa namna nyingi duniani, lakini upweke wa mtu aliyesimama mbele ya waumini, akijua kilichomo ndani ya kiatu chake, haujaandikiwa wimbo. Maana ibada ya kumthibitisha mchungaji katika kanisa lile ilikuwa na kitendo kimoja kisichorukwa: askofu anapiga magoti na kumwosha mguu.

Beseni likaletwa. Askofu alikuwa mzee mnene mwenye magoti mabovu, na kushuka kwake kulikuwa safari yenye vituo. Alipofika chini, Mchungaji Mdogo alimnyooshea mguu wa kushoto.

"Wa kulia, mwanangu," askofu akasema kwa upole.

"Huu ndio mchafu zaidi, baba askofu."

"Wa kulia."

Kiatu kikavuliwa. Bwana Soksi akamtazama askofu, na askofu akamtazama Bwana Soksi. Hakuwa na haya hata kidogo. Mdomo wake mwekundu ulikuwa umevutika na vidole mpaka ukawa tabasamu pana.

Safu ya mbele ndiyo ya watoto. Hawakucheka. Walisimama wote kwa pamoja, kama walivyofundishwa, wakakunja mikono na kusema kwa sauti moja, "Hujambo, Bwana Soksi?"

Kisha wakangoja.

Kanisa zima likangoja nao. Mama mmoja nyuma alijaribu kuwaashiria wakae, mwingine akamvuta mwanawe shati, lakini sheria ni sheria. Mtoto aliyevutwa alisimama tena. Mchungaji alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa amefumba macho, midomo ikitembea, na haikuwa rahisi kujua kama anaomba au anahesabu fanicha za kuhamisha. Alimtazama baba mkwe katika kiti cha mwenyekiti. Mzee alikuwa tayari amechomoa kitambaa. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakitetemeka, uso umeiva. Mchungaji alijua hasira anapoiona.

Kwa kawaida, kabla ya askofu kumwekea mtu mikono, mwenyekiti husema neno moja la wazee. Bila neno lile hakuna kitu. Askofu aligeuza kichwa kumtazama mwenyekiti, kwani kugeuza kichwa ndicho kitu pekee alichoweza. Magoti yalikuwa yamegoma.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, "nijibiwe upesi. Hapa chini nimenasa."

Babu Kitambaa alisimama. Hakuondoa kitambaa mdomoni. Alivuta pumzi mara kadhaa, akipambana na jambo fulani, na maneno yalipotoka yalipenya kwenye nguo kwa shida, lakini kila mtu aliyasikia.

"Mkwe, waitikie watoto. Miguu inawauma."

Mchungaji Mdogo aliugeuza mguu uwaelekee watoto. Akakunja vidole, akavikunjua, mdomo mwekundu ukafumbuka, na ile sauti nyembamba ya puani ikasikika mbele ya madhabahu.

"Sijambo, wanangu. Mmenawa masikio?"

"Tumenawa!" watoto wakajibu, wakakaa.

"Wazee tumeridhika," Babu Kitambaa akasema ndani ya kitambaa, na akatoka nje kwa mwendo ambao umri wake haukuruhusu.

Askofu akaosha. Ikabidi Bwana Soksi avuliwe, akawekwa kando ya beseni, akitazama dari. Kisha watu wazima watatu na mchungaji mwenye mguu mmoja mtupu wakamnyanyua askofu, na alipokuwa juu tena alimwekea mikono, akamthibitisha.

Mchana ule mezani hakuna aliyekuwa na hakika na kitu. Neno lilikuwa limesemwa, lakini mzee alikuwa amekaa kimya tangu atoke kanisani. Aibu zikaanza kuzunguka. Kitindamimba alisema ndiye aliyezianua soksi. Mke alikiri kwamba alipofumba macho alikuwa anapanga ni redio zipi azirudishe kwa wenyewe zikiwa hazijatengenezwa. Mchungaji alisema yake wameiona wote. Zamu ikafika kwa babu, na mkono wa mke ulikuwa tayari umeishika sahani ya nyama, maana jibu lilijulikana.

Mzee aliweka kiganja juu ya mkono wa bintiye. Akatoa kitambaa mfukoni, akakiweka mezani, akakifunua taratibu kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Ndani yalikuwamo meno, safu nzima ya juu.

"Haya hayakai," alisema. Bila meno sauti yake ilikuwa laini, ya mtu mwingine. "Nikicheka yanatoka. Yalitoka siku ya harusi yenu, yakaangukia kwenye glasi ya mama wa bwana harusi. Tangu hapo nikihisi kicheko kinakuja, natoka nje."

"Kila mara, baba?" mkwewe aliuliza. "Hata siku ile Bwana Soksi alipohubiri juu ya tohara?"

"Siku ile nilikaa nyuma ya choo mpaka ibada ikaisha."

Akaanza kucheka palepale, mdomo wazi, ufizi wote hadharani, machozi yakimtiririka, kicheko kilichokaa ndani miaka mingi na sasa kikitoka bila mpangilio. Kitindamimba alimchungulia mdomoni kwa makini, akamwambia asione haya, hata Bwana Soksi hana.

Mke alikuwa amekwisha kuyabeba meno kuelekea karakana, akiyageuzageuza mbele ya dirisha. Alisema shida ni ndogo, panahitaji kipande cha waya tu hapa pembeni, na taa ya kazi ikawashwa.

"Mwanangu," mzee akaita kutoka mezani, akijifuta macho, "usiyatie lehemu."