Simu ya Kuombea Msamaha

Mwezi uliopita dada mmoja wa mtaa wa Utemini alikuja studioni kwetu. Natengeneza kipindi cha redio kuhusu watu wanaopelelezwa kupitia simu zao, naye alitaka kusimulia yaliyompata. Alikuwa amemkimbia mumewe, lakini kila alichozungumza na mama yake, mume alikijua.

"Hata nikinong'ona, kaka," alisema, akiikandamiza simu kifuani kwa viganja viwili.

Nikamwuliza aliipata wapi simu hiyo.

"Aliniletea yeye, siku aliyokuja kuomba msamaha."

Papo hapo ikaita. Akaipokea, akaweka sauti ya nje. Mwanamume akasema taratibu, bila hasira: "Mwambie huyo mtangazaji azime mashine yake ya kurekodia."

Nikaizima. Mimi ninayewaambia wasikilizaji wasiogope, niliizima upesi.

Dada akasimama. Aliiacha simu mezani ikiwa bado hewani, akanionyesha mlango kwa kidole. Tukatembea hadi polisi, dawati la jinsia. Huko akaeleza yote, kwa sauti kamili.

Yeye sasa analala usingizi. Mimi na mke wangu, tukiwa na la maana la kuzungumza, tunatoka uani, simu tunaziacha ndani.